Shofere akianguka kwenye kipimo, patroni wake ana kazi gani?



Mwaka jana, mwezi wa tano, mama mmoja alikuja kwenye mkutano wa likelemba yetu bila fungu lake. Tunamfahamu vizuri: kwa miaka mitatu hakuwa amekosa hata mara moja, hata ule mwezi aliofiwa. Aliketi nyuma karibu na mlango, na zamu yake ilipofika akasema tu, "Mnisamehe, mtoto hakutuma." Mtoto huyo ni kijana wake wa pili, anaendesha kamio kubwa huko Iowa, Marekani. Ndiye anayelipa masomo ya wadogo zake wawili, ndiye aliyeezeka nyumba ya mama yake kwa mabati.

Mkutano ulipokwisha akatuita pembeni, sisi tunaofundisha shuleni, akatoa telefone na kutusikilizisha sauti ya mtoto. Ilikuwa fupi: "Mama, bananitosha ku kazi. Banasema banakuta bangi mu mukojo yangu. Sijue kama ntarudia."

Kabla hatujafungua kinywa, wenzetu walikuwa wamekwisha kujibu. Mmoja alisema ni wivu wa ndugu. Mwingine alisema wazungu hawapendi kuona mtu wetu anajenga. Hapo mama mwenyewe akatuchekesha katikati ya machozi yake: "Mzungu gani? Patroni wake ni mtu wa Uvira!"

Tuliomba kijana atutumie picha za karatasi zote alizopewa. Tuseme ukweli: sisi tulisoma pedagojia kwa Kifaransa, Kiingereza chetu kinachechemea. Mwenzetu anayefundisha Kiingereza katika sekondari aliketi nasi jioni mbili, mama naye yupo, na tukasoma sheria yenyewe kipengele kwa kipengele. Mama ametupa ruhusa ya kuandika habari hii bila majina. Amesema, "Muandike, maana si mimi peke yangu." Na kweli, katika mtaa wetu tu tunahesabu wamama watano wenye watoto au waume juu ya kamio huko Marekani.

Kwanza, sheria hiyo ilitoka wapi? Haikutungwa kwa ajili ya wageni. Tarehe 4 Januari 1987, huko Maryland, treni ya abiria iligongana na vichwa vya treni ya mizigo, na watu 16 wakafa. Waliokuwa wakiendesha ile ya mizigo walikutwa na bangi mwilini. Kisha Agosti 1991, treni ya chini ya ardhi huko New York ilitoka relini, watu 5 wakafa, na aliyeiendesha alikuwa mlevi. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule sheria ikatiwa sahihi: kila anayeshika usukani wa kamio kubwa au basi kwa kazi, sawa na wa treni na wa ndege, atapimwa pombe na dawa za kulevya. Anapimwa kabla ya kuanza kazi. Anapimwa baada ya ajali kubwa. Anapimwa mkubwa wake akimwona ana dalili. Na anapimwa kwa kura, bila kuambiwa mapema: kila mwaka vipimo vya kura vya dawa za kulevya vinapaswa kufikia asilimia 50 ya idadi ya mashofere, na vya pombe asilimia 10.

Kijana wetu alipatikana kwa kura. Jumapili moja alivuka mto kwenda kwa rafiki yake Illinois, jimbo ambalo tangu mwaka 2020 mtu mzima anaruhusiwa kununua bangi dukani kama anavyonunua sukari. Wakavuta. Juma lililofuata jina lake likatoka. Aliwaza kwamba kitu kinachouzwa dukani na risiti hakiwezi kumfukuzisha mtu kazi. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Jimbo linaruhusu, lakini sheria ya mashofere ni ya serikali kuu, na serikali kuu haitazami jimbo. Hata yale mafuta na vidonge vya CBD, vinavyouzwa kuwa ni vya kutuliza mgongo, haviwi sababu ya kujitetea vikimfanya mtu aonekane ana bangi. Wamama wenye watoto huko, hili mliseme kwenye simu kabla ya mengine yote.

Mama alituuliza kama angeweza kumtumia majani ya kusafisha mkojo, yale ambayo bibi mmoja sokoni anayasifu. Tulimwambia hapana, na tunawaambia na ninyi. Mkojo ukionekana umechanganywa na kitu, au si wa mwenyewe, inahesabiwa kwamba shofere amekataa kipimo. Na kukataa kuna uzito ule ule wa kuanguka. Tena kukataa si kusema "sitaki" tu. Mtu akifika mahali pa kupimwa, mkojo ukakataa kutoka, anapewa maji ya kunywa na muda wa saa tatu. Akiondoka kabla ya hapo kwa sababu mtoto anamngoja shuleni, amekataa. Tunamfahamu baba mmoja, si wa likelemba yetu, aliyepoteza kazi hivyo hivyo, na hajawahi kuonja bangi.

Sasa tuje kwa patroni, maana ndilo swali ambalo mama alikuwa nalo moyoni: huyu mtu aliyemwajiri mtoto wangu, ana haki ya kufanya nini na ana lazima ya kufanya nini?

Lazima ya kwanza ni kumshusha garini papo hapo. Haingoji jioni, haingoji mzigo uliobaki ufike. Daktari mchunguzi, yule anayepokea majibu ya maabara, kwanza anampigia shofere simu na kumuuliza kama kuna dawa ya hospitali anayokunywa. (Simu hiyo isipuuzwe. Shofere akijulishwa kwamba daktari anamtafuta, akakaa saa 72 bila kumpigia, daktari anaweza kuandika kwamba ameanguka bila kumsikiliza.) Daktari akishamwambia patroni kwamba kipimo kimethibitika, tangu dakika hiyo shofere haendeshi tena. Anaweza kufagia depo, anaweza kujaza karatasi ofisini kama patroni anataka, lakini usukani hapana. Kwa pombe ni hivyo hivyo akikutwa na kipimo cha 0.04 au zaidi. Akiwa kati ya 0.02 na 0.039 anapumzishwa saa 24, kisha anarudi.

Patroni wa kijana wetu alifanya nini? Tumesikia sauti aliyomtumia kijana, nayo imehifadhiwa. Anasema kwa Kiswahili chetu safi kwamba kuna mzigo wa nyama unaoharibika, aupeleke kwanza Chicago, "tutasemezana ukirudi, mdogo wangu." Kijana akaenda. Siku mbili barabarani, na anajua majibu yamekwisha kutoka. Mama aliposikia hapo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Na kama angegonga watoto?"

Tulisoma tena kipengele hicho, tusije tukamhukumu mtu bure. Hakuna mlango. Patroni aliyejua na akamwacha shofere aendeshe amevunja sheria yeye mwenyewe, mbali na kosa la shofere, na anaweza kutozwa faini. Lile neno "mdogo wangu" halibadilishi kitu. Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu tunajua jinsi watu wetu wanavyosaidiana ugenini, na patroni yule yule ndiye aliyemlipia kijana masomo ya permi. Lakini msaada wa namna ile ungeweza kumpeleka gerezani.

Labda patroni aliwaza kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Alikosea hata hapo. Tangu tarehe 6 Januari 2020 serikali ya Marekani ina daftari moja la taifa, liko kwenye kompyuta, linaitwa Clearinghouse. Kila shofere wa permi ya biashara aliyeanguka anaandikwa humo. Kipimo cha dawa za kulevya hakiandikwi na patroni, kinaandikwa na yule daktari mchunguzi. Patroni anaandika mengine: kipimo cha pombe kilichopita kiasi, shofere aliyekataa kupimwa, au kosa ambalo yeye mwenyewe amelijua hakika, kama vile kumwona kwa macho yake akinywa kazini. Anapewa siku tatu za kazi, si zaidi. Na jina likiingia linabaki miaka 5, au mpaka shofere amalize yote aliyopangiwa, yale yatakayochelewa zaidi.

Tangu tarehe 18 Novemba 2024 limeongezwa jambo jingine. Daftari likionyesha kwamba shofere amekatazwa, jimbo lake linapewa siku 60 kumwondolea daraja la biashara kwenye permi. Anabaki na permi ya gari dogo tu, kama mtu yeyote. Kijana alipata barua hiyo mwezi wa saba. Akawaza kwamba wamemnyang'anya milele. Siyo. Jina likisafishwa katika daftari, anaweza kwenda kuomba arudishiwe.

Lazima ya pili ya patroni ni ndogo kwa macho lakini ndiyo iliyomuumiza kijana zaidi. Patroni anapaswa kumpa shofere aliyeanguka orodha ya washauri waliokubaliwa kwa mambo ya ulevi na dawa za kulevya, majina yao, anwani zao na namba zao za simu. Anampa bure, hata kama anamfukuza siku ile ile. Washauri hao wanaitwa SAP. Bila kupitia kwa mmoja wao, hakuna njia ya kurudi kwenye usukani popote Marekani. Kijana hakupewa orodha. Alikaa majuma sita ndani ya chumba, anaogopa kupiga simu kwa watu, anafanya vibarua vya kushusha masanduku usiku. Majuma sita hayo ndiyo mama yake aliyokosa fungu.

Badala ya orodha, patroni alipeleka habari kanisani. Jumapili iliyofuata watu walikuwa wakimwombea kijana kwa jina, mbele ya wote, aachiliwe na roho ya bangi. Na habari ilifika hapa kwetu kabla ya sauti ya kijana mwenyewe; kumbe wale wenzetu wa likelemba waliosema "wivu wa ndugu" walikuwa wamekwisha kusikia. Sheria inasema wazi: majibu ya kipimo cha mtu hayatolewi kwa wengine bila ruhusa yake ya maandishi, na ruhusa hiyo iseme ni majibu gani na yanakwenda kwa nani. Mchungaji hamo, mjomba hamo, mama mzazi hamo. Mama alipinga kidogo hapo: "Mimi nilimzaa!" Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu gharama, tusiwadanganye. Sheria haimlazimishi patroni kulipa mshauri wala matibabu. Wengine wanalipa, wengine wanamwachia shofere. Kijana alilipa mwenyewe, dola mia kadhaa, za kukopa. Wala sheria haimlazimishi patroni kumrudisha kazini. Akitaka kumfukuza anamfukuza. Ila akitaka kumrudisha, hapo sheria inamkamata mkono: hawezi kumrudisha mpaka awe na karatasi ya mshauri.

Mshauri anafanya nini? Anaongea na shofere, uso kwa uso au siku hizi kwa video, anapima ana shida ya kiasi gani. Yupo anayevuta mara moja Jumapili na yupo asiyeweza kulala bila chupa. Kisha anampangia: masomo, au matibabu, au vyote viwili. Shofere hawezi kumkimbia mshauri huyo na kutafuta mwingine aliye mwepesi. Akimaliza anarudi kwa mshauri yule yule, anaangaliwa tena, ndipo anaandikiwa kwamba ametimiza. Kijana wetu alipangiwa masomo ya majuma kadhaa. Alitueleza kwamba siku ya kwanza aliingia kwa hasira, siku ya tatu alilia. Kumbe haikuwa Jumapili moja tu. Alikuwa akivuta tangu alipofika Marekani, usiku, kwa sababu hapati usingizi tangu mambo yaliyompata akiwa mtoto wakati wa vita kule Fizi. Mama yake hakujua. Sisi pia, tuliomfundisha huyo mtoto darasa la tano, hatukujua.

Baada ya mshauri kuna kipimo cha kurudi kazini. Hapa wengi wanakwama, na hapa patroni ana kazi kubwa kuliko mahali pengine. Shofere aliyeajiriwa hawezi kujipeleka mwenyewe kupimwa akasema amesafika. Ni mwajiri anayemtuma. Maana yake, shofere aliyefukuzwa lazima kwanza apate patroni mpya anayekubali kumchukua akiwa bado ana doa katika daftari. Na kila patroni anapaswa kutazama daftari kabla ya kumpa mtu usukani, kwa ruhusa ya shofere mwenyewe, kisha kutazama tena kila mwaka kwa mashofere wote alionao. Kijana aliomba kazi mahali kumi na moja. Wengine walimfungia simu akiwa katikati ya sentensi. Wana haki.

Wa kumi na mbili alikubali. Ni kampuni ndogo ya mama mmoja, Mmarekani, mjane, ana kamio nane. Alimwambia kijana, "Nitakuchukua, lakini nitafuata kila mstari." Na akafuata. Alitazama daftari. Akaomba kwa mshauri taarifa pamoja na mpango wa vipimo vya baadaye. Akamtuma kwenye kipimo.

Kipimo hicho si kama vile vya kawaida. Mtu wa jinsia yake anasimama na kumtazama mkojo unavyotoka mwilini mpaka kwenye kopo. Kijana aliposimulia hapo, mama aliziba masikio. Mwanaume mzima, wa kabila letu, ambaye hata baba yake hajamwona tangu alipotahiriwa! Tuliongea sana juu ya jambo hili katika kikundi, na maoni yetu hayakufanana. Baadhi yetu waliona ni kudharau mtu. Sisi wenyewe tunaona ni chungu, lakini tunaelewa kwa nini: kuna watu wanaonunua mkojo wa wengine na kuuficha mfukoni. Aliyeanguka mara moja haaminiwi kwa maneno. Matokeo yakiwa mazuri, patroni anaandika katika daftari, na hapo ndipo neno "amekatazwa" linaondolewa.

Na haijaisha. Katika miezi 12 ya kwanza ya kuendesha, patroni lazima ampime angalau mara 6, kwa kumtazama vile vile, bila kumtahadharisha. Mshauri ndiye anayesema ni mara ngapi na kwa muda gani. Anaweza kuongeza mpaka miaka 5 kwa jumla. Patroni anachagua siku, na asizichague kwa mpangilio unaotambulika, tuseme kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mpango huo shofere haonyeshwi. Hata karatasi anayopewa na mshauri, sehemu hiyo imefutwa. Kipimo cha kura kikimwangukia katikati hakihesabiwi kati ya vile sita; vyote viwili vinafanyika. Na shofere akihama, vipimo vilivyobaki vinamfuata, patroni mpya anaendelea pale yule wa zamani alipoishia. Si patroni wala shofere anayeweza kusema "imetosha". Baada ya mwaka ule wa kwanza ni mshauri peke yake anayeweza kupunguza.

Mwenzetu wa Kiingereza aliposoma hapo alisema, "Hii ni kama kumrudia mwanafunzi aliyeiba mtihani." Tulikataa mfano huo. Mwanafunzi aliyeiba tunamketisha mbele ya mwalimu kwa mtihani mmoja, tunasahau. Huyu anapimwa mwaka mzima na bado anaendesha, bado analipwa, bado anatuma fungu kwa mama. Kwetu huo ni msaada, ingawa una sura ngumu.

Kuna mlango mwingine ambao kijana hakuujua, na laiti angeujua. Kampuni inaweza kuwa na mpango ulioandikwa unaomruhusu shofere kuja mwenyewe kabla hajakamatwa na kusema, "Nina shida ya kunywa," au "navuta, nisaidieni." Akija hivyo kabla ya kuanza zamu yake, na si kwa kukwepa kipimo alichokwisha kuitiwa, patroni hamfukuzi kwa sababu hiyo. Anamweka pembeni, anampa nafasi ya kutibiwa, akithibitika amepona anamrudisha baada ya kipimo, bila hesabu ndefu ya yule aliyeanguka. Wamama, mwulizeni mtoto wako kama kampuni yake ina mpango huo. Kuuliza si kukiri.

Tulipomaliza kusoma, mama mmoja aliye na mume kwenye barabara ya Kasumbalesa alituangalia akasema: "Na huku?" Kila mtu alijua anachosema. Sote tumepita pale kwenye mstari wa makamio yaliyobeba shaba, yale ya kwetu, ya Zambia, ya Tanzania, siku mbili, siku tatu bila kusogea, na vibanda vya lutuku vimejipanga kando ya barabara kama maduka ya mkate. Shofere anayefukuzwa Jumatatu kwa ulevi, Ijumaa tunamwona juu ya kamio ya patroni mwingine. Au hafukuzwi, kwa kuwa ni shemeji ya patroni. Anakemewa, anaomba msamaha, anapewa funguo. Katika hali zote mbili hakuna aliyemuuliza kwa nini anakunywa, wala aliyemtazama baada ya hapo.

Mama yule alituambia mumewe aliwahi kuzima kamio kando ya barabara usiku kwa sababu alijiona amelewa. Asubuhi patroni alimkata mshahara kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo hazimi tena. Hili lilitugusa kuliko vipengele vyote tulivyosoma. Tumekubaliana katika kikundi kwamba wale wenye waume au kaka kwa mapatroni wa hapa watauliza maswali mawili, kwa heshima, wakati wa kusalimiana: shofere akijizuia mwenyewe kuendesha kwa sababu amekunywa, unamfanya nini? Na ukimwajiri shofere, unampigia simu patroni wake wa zamani? Mpaka sasa mapatroni watatu wameulizwa. Mmoja alijibu vizuri, mmoja alikasirika, mmoja aliomba arudiwe juma lijalo.

Kijana wa Iowa amekwisha kupimwa mara nne tangu arudi. Ya mwisho ilimkuta saa kumi na mbili asubuhi, ndio kwanza anataka kuwasha gari, mama mjane akamwambia, "Leo." Matokeo yalikuwa safi. Analala vizuri zaidi, anasema, ingawa si kila usiku. Anatuma kidogo kuliko zamani kwa sababu bado analipa deni la mshauri, na mama ameomba fungu lake la likelemba lipunguzwe kwa nusu mpaka mwezi wa kumi na mbili. Tulikubali bila kupiga kura.

Wamama wenye karatasi kama hizo zilizotumwa na watoto wao, mzilete Jumamosi baada ya mkutano. Tutakuwa katika darasa la sita, mwenzetu wa Kiingereza atakuwepo, na mlango tutaufunga.